Leza ya Shingo: Kabla Hujatoa Pauni Zako

Jamani, wenye shingo zinazouma mnajijuana. Yangu ilianza nikiandika tasnifu, laptopu juu ya meza ya chumbani, kichwa nimekiinamisha masaa nane. Dada mmoja tunayekaa naye akanicheka: "Kaka, unatembea kama umebeba tenga la samaki!" Ikafika miezi mitano. Kwa waganga, maumivu yakishapita miezi mitatu ni sugu.

Kliniki moja ya binafsi hapa Uingereza ikaniambia tiba ni leza: pauni 50 kwa kikao, vikao 10. Hiyo ni kodi ya chumba! Nikasema ngoja kwanza nisome.

Leza hii si ile ya kukatia. Nyingi zinazotumika kwa kazi hii hazifiki hata nusu wati, haziunguzi, na mara nyingi mwanga wake hauonekani. Ndiyo maana wewe na mtaalamu wote mnavaa miwani maalumu. Mwanga unapita kwenye ngozi hadi kwenye msuli. Inadhaniwa seli zinautumia kutengeneza nguvu zaidi, na mishipa ya fahamu inapunguza kupeleka habari za maumivu. Jambo lenyewe liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Hungary alitaka kujua kama leza inaleta saratani. Panya aliowanyoa wakaota manyoya upesi zaidi!

Je, inasaidia? Mwaka 2009 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 16, wagonjwa 820: wenye maumivu sugu walipata nafuu iliyodumu hadi wiki 22. Lakini uchambuzi mwingine wa 2013 ukasema ushahidi bado hautoshi. Na kipimo ndiyo kila kitu. Mwanga usiofaa, au sekunde chache mno, basi umelipia tochi.

Nikakumbuka kwamba NHS nimeshailipia kwenye viza, na kwa wanafunzi sasa ni pauni 776 kwa mwaka. Sehemu nyingi za England unajiandikisha mwenyewe kwa fiziotherapia bila kupitia kwa daktari. Nilisubiri wiki sita. Yule mama akanikanda, akanifundisha mazoezi ya mabega kwa mpira wa kuvuta, akaniambia niinue laptopu. Nikamuuliza habari za leza. Akasema inaweza kukutuliza ili uweze kufanya mazoezi, ila haiyafanyi kwa niaba yako.

Ukiona mkono unakufa ganzi au unaangusha vitu, achana na leza, mwone daktari haraka. Mimi laptopu yangu sasa imekalia vitabu vinne vya takwimu, na shingo inanikumbusha wakati wa mitihani tu.