Jina la Blogu Halimpandishi Mtu Google

Wiki haipiti bila kuulizwa: “Mtaalamu, nataka kufungua blogu. Nipe jina litakalonipeleka juu Google.” Anayeuliza hajaandika hata aya moja, wala hajaamua ataandika nini. Lakini keshamlipa kijana fulani wa mtandaoni “ada ya ushauri wa jina”, na ameshauriwa anunue kitu kama ajirampyahabarimichezotz24.com.

Nasema tena, na ningependa iwe mara ya mwisho: jina la namna hiyo halikupeleki popote.

Imani hii ina mzizi wake. Zamani mitambo ya kutafutia ilikuwa ikiyapa uzito maneno yaliyomo kwenye jina la domeni. Wajanja wakanunua majina kwa jumla, wakayajaza kurasa zisizo na kichwa wala miguu, na zikapanda. Mwishoni mwa Septemba 2012 Google, kupitia mhandisi wake Matt Cutts, ikatangaza mabadiliko ya kuzishusha tovuti hafifu zilizobebwa na majina tu. Leo mwongozo wa Google kwa wanaoanza unasema bila kupindapinda kwamba maneno yaliyo kwenye jina la domeni, yakiwa peke yake, karibu hayana athari yoyote katika kupanga matokeo. Mwongozo huo ni wa bure. Hawa waganga wa majina ama hawajausoma, ama wameusoma wakanyamaza kwa kuwa ndio ugali wao.

Hapo ndipo ninapoulizwa, “Mbona fulani jina lake ni hivyohivyo na yuko juu?” Yuko juu kwa sababu ameandika miaka na miaka, tovuti nyingine zinamtaja na kuweka viungo vya kwake, na kurasa zake zinafunguka upesi hata kwenye simu ya bei ndogo. Mtazame Issa Michuzi, mpiga picha aliyeanza kublogu 2005. Anwani yake ilikuwa jina lake tu, tena kwenye Blogspot ya bure. Haikuwa na “habari” wala “picha” ndani yake, na Watanzania waliokuwa ughaibuni waliifungua kila siku kwa sababu kila siku palikuwa na kitu kipya.

Kibaya zaidi, jina la maneno yaliyorundikwa linakugharimu. Litaje redioni uone. Msikilizaji atajiuliza: hiyo 24 ni tarakimu au maneno? Kuna kistari katikati au yameungana? Hatakupigia kuuliza, atakusahau. Na siku ukichoka kuandika ajira ukataka kuandika mapishi, jina litakuwa linakusuta.

Sasa haya ya kufanya, upesi. Tumia jina lako halisi, au maneno mawili yanayotamkika. Epuka tarakimu, vistari na tahajia za mkato. Kumbuka domeni haipokei ritifaa: ukichagua “Ng’ara”, itasomeka Ngara, na wasomaji watadhani unaandika habari za wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Mtumie rafiki jina hilo kwa ujumbe wa sauti. Akikosea kuliandika, litupe. Hakikisha halijachukuliwa Instagram na YouTube, wala si la kampuni ya mtu. Huna fedha? Blogger na WordPress.com zinatosha kuanzia. Unazo kidogo? Sajili .com, .co.tz au .me.tz, Kenya kuna .co.ke na .me.ke. Sajili kwa jina lako na barua pepe yako, si za fundi, maana fundi akihama mji anahama na blogu yako. Lipia upya kabla muda haujaisha, kwani domeni ikipotea yeyote anaweza kuinunua. Na kama uko Tanzania na utaandika habari na matukio, soma kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, kisha waulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama unahitaji leseni.

Kabla ya yote hayo, andika makala tano na uzihifadhi kwenye simu. Ukishindwa kuzimaliza, hata jina zuri kuliko yote lisingekusaidia. Ukizimaliza, njoo tuzungumze, lakini uje na makala. Swali la Google liache nyumbani.