Chevda: Jipikie, ujue chumvi unayokula

Je, wewe ni mpenzi wa chevda? Kitafunio hiki cha Wagujarati sasa ni chetu sote, nami sikukatazi kukila, hata kama una presha. Ninachotaka ni ujue umekula chumvi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo katika mkate na mchuzi.

Basi jipikie. Nunua poha nyembamba, yaani mchele uliopondwa ukawa bapa, katika maduka ya Kihindi. Kaanga vikombe 4 bila mafuta, kwa moto mdogo, ukigeuza polepole, hadi ukiibana kwa vidole inakatika. Wengi huitumbukiza katika karai la mafuta. Hakuna haja hata kidogo! Iweke kando. Pasha vijiko 2 vikubwa vya mafuta, tia mbegu za haradali, na zikianza kupasuka ongeza karanga, kisha majani ya mchuzi yaliyokauka vizuri. Epua, tia manjano, pilipili na robo kijiko cha chai cha chumvi, uchanganye na poha. Ukiona haijakolea, ongeza pilipili. Ipoe kabisa kabla ya kufunika mkebe, ama italegea.

Karanga zenye ukungu zitupe; kukaanga hakumalizi sumu ya aflatoksini. Na mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, kwani humkaba.