Ramani ya viumbe adimu: Ulaya ilivyoamua cha kuanika na cha kusitiri

MNAMO 1958, mwizi wa mayai aliparaga mti usiku kando ya ziwa Loch Garten, nchini Scotland, akakifikia kiota cha osprey. Ndege huyu, tai anayeishi kwa kuvua samaki, alikuwa ameangamizwa Uingereza na wawindaji pamoja na wakusanyaji wa mayai, na ndio kwanza alikuwa ameanza kurejea. Mayai yaliharibika, na msimu mzima wa kuzaliana ukaenda arijojo.

Mwaka uliofuata, shirika la kuhifadhi ndege la RSPB lilichukua hatua ambayo wengi wangeiona kuwa kichaa. Badala ya kukificha zaidi kiota hicho, lilitangaza mahali kilipo, likajenga kibanda cha watazamaji na kuweka walinzi usiku na mchana. Maelfu ya watu walifika kujionea. Mwizi alikosa pa kupita, na makinda ya mwaka huo yakaruka salama.

Kusini zaidi, katika eneo la Yorkshire, hekima ilikuwa kinyume. Huko mnamo 1930 uligunduliwa mche mmoja wa okidi iliyodhaniwa kuwa imetoweka, baada ya kung’olewa na wapenda maua kwa vizazi kadhaa. Waliojua mahali ulipo walifunga vinywa. Siri hiyo ilitunzwa kwa miongo mingi, na mche ukanusurika.

Visa hivi viwili vina zaidi ya nusu karne, lakini swali vinaloliibua ndilo ambalo serikali za Ulaya zimelazimika kulijibu kisheria katika karne hii: kiumbe adimu hulindwa kwa kutangaza makao yake, au kwa kuyasitiri?

Jibu limo, kwa sehemu kubwa, katika agizo la Umoja wa Ulaya (EU) lijulikanalo kama Inspire, lililopitishwa Machi 14, 2007 na kuanza kutumika Mei 15 mwaka huo. Agizo la aina hii hulifunga kila taifa mwanachama kutimiza lengo lililowekwa, ingawa kila moja hujitungia sheria ya kulitekeleza. Lengo la Inspire ni kwamba data za kijiografia zilizo mikononi mwa idara za umma ziweze kupatikana, kusomeka na kuunganishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Mada zinazohusika ni 34, zikiwemo barabara, mito, udongo na mipaka ya utawala. Miongoni mwazo ni maeneo yaliyohifadhiwa, makao asilia ya viumbe, na mtawanyiko wa spishi, yaani mahali ambapo kila aina ya mnyama, ndege au mmea hupatikana.

Jambo moja hueleweka visivyo mara kwa mara. Agizo hilo halimlazimishi yeyote kwenda msituni kuhesabu vipepeo. Linahusu data ambazo tayari zimekusanywa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Amri ya kuchunguza hali ya viumbe inatokana na sheria kongwe zaidi: ile ya ndege ya 1979, na ile ya makao asilia ya 1992. Hizo mbili ndizo zilizozaa Natura 2000, mtandao wa maeneo ya hifadhi yapatayo 27,000 kote katika Umoja huo, na ndizo zinazoyataka mataifa kuwasilisha ripoti kila baada ya miaka sita.

Lugha moja

Kwa nini basi sheria nyingine ikahitajika? Kwa sababu wanyama hawatambui mipaka. Dubu wa milima ya Pyrenees, ambao idadi yao iliongezwa kuanzia 1996 kwa dubu walioletwa kutoka Slovenia, huvuka kati ya Ufaransa na Uhispania wapendavyo. Iwapo upande mmoja unarekodi nyayo kwa kipimo chake na upande wa pili kwa kipimo kingine, dubu mmoja huenda akahesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

Madhara ya kutoelewana kwa vipimo yalidhihirika vyema katika ujenzi wa daraja la Laufenburg, kwenye mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi. Nchi hizo hupima kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari mbili tofauti, na vipimo vyao hupishana kwa sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo, lakini walipokuwa wakisahihisha walijumlisha pale walipopaswa kutoa. Mnamo 2003 iligunduliwa kwamba pande mbili za daraja zingepishana kwa sentimita 54.

Ikiwa zege na chuma vinaweza kukosewa hivyo, sembuse popo na vyura? Ndiyo maana kanuni za utekelezaji wa Inspire, zilizotolewa 2010 na kupanuliwa 2013 kugusa viumbe na makao yao, zinaeleza jinsi ya kuandika jina la spishi, aina ya makao, tarehe ya uchunguzi na mahali penyewe. Kila mkusanyiko wa data sharti uambatane na maelezo yake: nani aliukusanya, lini, kwa njia gani, na nani anaruhusiwa kuutumia. Bila maelezo hayo, ramani ni kama barua isiyo na sahihi wala tarehe.

Tingatinga na mwizi

Faida ya uwazi huu si ya wanasayansi pekee. Mhandisi anayepanga njia ya reli, afisa anayetoa kibali cha machimbo, na mwanakijiji anayetaka kupinga kibali hicho, wote wanahitaji kujua kilichopo ardhini kabla mashine hazijafika. Mwizi wa mayai anaweza kuzuiwa kwa siri. Tingatinga halizuiwi kwa siri. Kiota ambacho hakuna anayejua kilipo hubomolewa bila hata mtu kujua kwamba kosa limetendeka.

Hata hivyo, waliotunga sheria hawakumsahau mwizi. Kifungu cha 13 cha Inspire kinayaruhusu mataifa kuwawekea raia mipaka ya kuzifikia data iwapo kuzitoa kutadhuru mazingira yenyewe, na mfano unaotajwa humo waziwazi ni mahali walipo viumbe adimu. Lakini kifungu hicho si kichaka cha kujifichia. Sheria inataka sababu za kuficha zifasiriwe kwa ufinyu, na kila mara manufaa ya umma kwa kufichua yapimwe dhidi ya manufaa ya kusitiri. Afisa hawezi kufunga faili kwa kuwa tu mwekezaji hataki bughudha.

Njia ya kati iliyozoeleka ni miraba. Katika ripoti za kila miaka sita, mtawanyiko wa spishi kwa kawaida huonyeshwa kwa miraba yenye upana na urefu wa kilomita 10. Msomaji wa ramani huona kwamba spishi fulani ipo ndani ya kilomita 100 za mraba. Haoni mti wala jabali. Taifa pia linaweza kuitia spishi alama ya tahadhari ili ramani yake kamili isitolewe hadharani. Kwa msomaji anayejua jinsi majangili wanavyowasaka faru na ndovu, hoja hii haihitaji ufafanuzi mrefu.

Lakini mraba nao una kasoro zake. Unatosha kuonyesha iwapo spishi inaenea au inapungua barani. Hautoshi kumwambia mhandisi apinde barabara wapi. Ndiyo sababu data kamili hubaki kwenye idara husika, na anayeihitaji kwa kazi halali huiomba na kufungwa na masharti. Uamuzi mgumu, basi, ni nani aone kwa ukaribu gani.

Kuna pia wenye wasiwasi wao. Sehemu kubwa ya data za ndege na mimea Ulaya hukusanywa na watu wa kujitolea, ambao hutoa siku zao za mapumziko na kutarajia kwamba walichokiona hakitatumiwa kuwaelekeza waharibifu. Wakulima na wenye misitu, kwa upande wao, huhofia kwamba alama moja kwenye ramani itawanyima uhuru wa kutumia mashamba yao. Wote hawa wakikosa imani na mfumo, watanyamaza, na ramani itabaki na mapengo ambayo hakuna sheria inayoweza kuyaziba.

Gharama ya mapengo

Mapengo hayo yana gharama. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Ulaya iliyotolewa 2020, ikihusu miaka ya 2013 hadi 2018, ilibaini kwamba ni asilimia 15 tu ya tathmini za makao asilia zilizoonyesha hali nzuri, huku asilimia 81 zikiwa katika hali duni au mbaya. Kwa spishi, zilizokuwa na hali nzuri zilikuwa asilimia 27. Takwimu kama hizo zilichangia kutungwa kwa sheria ya kurejesha mazingira asilia, iliyoanza kutumika Agosti 18, 2024, inayokusudia hatua za ukarabati katika angalau asilimia 20 ya ardhi na bahari za Umoja huo kufikia 2030. Kinyamkela hafukuzwi gizani: huwezi kurejesha usichojua kilikuwa wapi.

Kenya si mtazamaji wa mbali katika suala hili. Tangu 1969, wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa ndege wahamaji usiku wa ukungu huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, kuwavisha pete nyepesi zenye nambari, kisha kuwaachilia. Wengi ni ndege wadogo waimbao, waliotoka kuzaliana Ulaya na Asia wakielekea kusini. Pete moja ikipatikana upande wa pili wa safari huunganisha kichaka cha Tsavo na bustani ya Ulaya. Lakini huunganisha tu ikiwa nambari, tarehe na mahali viliandikwa kwa namna inayosomeka pande zote mbili.

Hapo ndipo ilipo maana ya sheria hii yenye jina lisilovutia wengi. Osprey wa Loch Garten aliokolewa na umati uliojua, na okidi ya Yorkshire ikaokolewa na wachache walionyamaza. Lakini katika visa vyote viwili, kulikuwa na mtu aliyejua hasa mahali penyewe, na aliyewajibika kwa alichokijua.