Nyanya na Tembe za Mafuta

Je, msomaji, wajua kwamba figo moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja? Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi, vichujio hivi huharibika, na protini huanza kuvuja kwenye mkojo. Mgonjwa hasikii uchungu wowote. Hapo ndipo hatari ilipo.

Sasa, mbona daktari humpa mtu huyu statini, tembe za kupunguza kolesteroli? Kwetu, nyanya alitaka kuzitupa, ati yeye si mnono! Lakini kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini, hata kwa mtu mwembamba, na statini huizuia kazi hiyo. Ya kwanza ilipatikana kwenye kuvu na Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970.

Wengine hudai zinaponya figo. La! Utafiti uitwao SHARP, wa wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, ulitolewa mwaka wa 2011. Statini ikichanganywa na dawa nyingine, ezetimibe, ilipunguza mishtuko ya moyo, kiharusi na shida kama hizo kwa asilimia 17 hivi. Figo zenyewe ziliendelea kudhoofika vilevile. Ila wagonjwa wengi wa figo huuawa na moyo kabla figo hazijakoma, basi faida si haba. Figo hukingwa hasa kwa kudhibiti sukari na presha.