Jinsi ya Kuyatambua Mavazi ya Wanawake Waliojitolea Wakati wa Vita

Katika nyumba nyingi za Uingereza, bibi mzee akifariki, jamaa zake hufungua sanduku wakakuta koti la sufu la rangi ya kijani, kuukuu, lenye harufu ya dawa ya nondo. Husemwa ya kuwa marehemu alilivaa katika Vita vya Pili vya Dunia. Pengine ni kweli. Pengine alilivaa miaka kumi baadaye. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa makoti ya namna hiyo hutafutwa na majumba ya makumbusho na watu wapendao vitu vya kale, nao wako wachuuzi wasioona haya kuuza vazi lililoshonwa juzi kwa bei ya vazi la mwaka 1940.

Chama kilichovaa koti hilo kilianzishwa mwaka 1938, nacho kilijulikana kwa herufi W.V.S., maana yake Huduma za Kujitolea za Wanawake. Mwanzilishi wake alikuwa Lady Reading, aliyeombwa na Serikali awakusanye wanawake wa kuwasaidia raia katika hatari ya mabomu ya ndege. Waliwahamisha watoto kutoka mijini, wakawapikia chai watu waliobomolewa nyumba zao, wakagawa nguo na mablanketi, bila mshahara. Kufikia katikati ya vita idadi yao ilikaribia milioni moja, na 241 miongoni mwao waliuawa katika vita hivyo.

Mavazi yao yalibuniwa mwaka 1939 na Digby Morton, mshoni mashuhuri wa London. Koti lilikuwa la twidi ya kijani iliyofumwa pamoja na nyuzi za kijivu. Yasemekana kijivu kiliongezwa kwa sababu Waingereza wengine huiona kijani tupu kuwa rangi ya mkosi. Ndani yake ilivaliwa sweta ya rangi ya damu ya mzee, na kichwani kofia ya kijani, ambayo kila mmoja aliikunja ukingo kama alivyopenda.

Lakini yapasa kukumbuka ya kuwa mwanamke hakupewa mavazi hayo. Aliyanunua kwa fedha zake, wala hakulazimishwa kuyanunua. Tangu Juni 1941, nguo zilipoanza kuuzwa kwa kipimo, ilimbidi atoe na kuponi zake. Kwa hiyo wengi walivaa beji tu, au vazi jepesi la kazi lililokuwa rahisi kuliko koti. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu asilikatae koti kwa kuwa halina muhuri wa mshale wa Serikali kama nguo za askari.

Beji husema zaidi kuliko kitambaa. Yenye maneno "Civil Defence" haiwezi kutangulia mwaka 1939, kwa maana hapo ndipo chama kilipochukua jina hilo. Yenye herufi W.R.V.S. ni ya tangu mwaka 1966, Malkia Elizabeth wa Pili alipokiruhusu chama kujiita cha kifalme. Haikuvaliwa vitani kamwe, hata muuzaji akiapa. Taji nalo litazamwe. Katika enzi ya Mfalme George wa Sita matao ya taji yaliinuka duara. Tangu mwaka 1953 taji la Malkia lilibonyea katikati. Ila tangu mwaka 2022 Mfalme Charles amerudia umbo lile la duara, basi taji peke yake halitoshi tena kuwa ushahidi.

Kosa linalowapata wengi ni juu ya alama ya CC41, ambayo huonekana kama duara mbili zilizokatwa kipande, mfano wa mikate iliyomegwa. Watu husoma "41" wakadhani nguo ilishonwa mwaka huo. Sivyo. Alama hiyo iliwekwa na Serikali mwaka 1941 katika nguo zilizoshonwa kwa uangalifu wa kutopoteza kitambaa, ikaendelea kutumika mpaka mwaka 1952. Nayo W.V.S. haikuvunjwa vita vilipokwisha. Basi koti halali kabisa, lenye beji halali, laweza kuwa la mwaka 1951.

Aliye na shaka na apindue bitana na kutazama mishono. Lebo yenye michoro ya kuonyesha namna ya kufua haikuwako wakati wa vita. Uzi wa poliesta nao ni wa baadaye; chini ya taa ya miali ya urujuani mara nyingi hung'aa kwa weupe wa samawati, lakini pamba ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni za siku hizi nayo hung'aa, kwa hiyo taa isiaminiwe peke yake.

Kenya nayo ilikuwa na wanawake wa kujitolea, lakini mavazi yao yalikuwa ya kaki, ya kijeshi, wala hayafanani na haya.

Koti likiisha kutambuliwa, lisifuliwe wala vifungo vyake visibadilishwe, hata vikiwa vimevunjika. Mifuko ipekuliwe kwanza. Tiketi ya basi au kipande cha kadi ya uanachama chenye tarehe huthibitisha mwaka kuliko lebo yo yote.