KRIKETI YA PWANI: KAZI YA CHAMA NA MASHINDANO YA VILABU

Watu wengi wanaufahamu mpira wa miguu, lakini kriketi ni fumbo kwao. Hata hivyo mchezo huu si mgeni wa jana katika Pwani ya Kenya, kwani Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896. Yafaa watu wajue jinsi mchezo huu unavyoendeshwa, hata wale wa Mokowe, mahali ambapo msafiri atokaye Malindi huacha gari na kupanda mashua kwenda Lamu.

Mchezo Wenyewe

Timu mbili za watu 11 hushindana. Katikati ya uwanja pana ukanda wa urefu wa meta 20 hivi, na kila mwisho wake vimesimamishwa vijiti vitatu. Mtupaji hutupa mpira ili aviangushe vijiti. Mpigaji huvilinda kwa gongo lake, na akiupiga mpira mbali hukimbilia upande wa pili, akapata mbio moja. Mipira sita huitwa ova. Ikiisha, mtupaji mwingine hushika zamu. Timu yenye mbio nyingi ndiyo mshindi.

Chama na Mashindano

Vilabu vya Mombasa na jirani zake huongozwa na Chama cha Kriketi cha Pwani, kama vile vya Nairobi navyo vina chama chao. Juu ya vyama hivi ipo Cricket Kenya, iliyoundwa mwaka 2005. Kazi ya chama ni kupanga ratiba, kuteua waamuzi, kuandikisha wachezaji na kusikiliza mashtaka. Bila orodha ya wachezaji, mtu hodari angechezea klabu hii leo na nyingine kesho, na kombe lisingekuwa na maana.

Katika ligi, kila klabu hukutana na wenzake, na mshindi hupewa pointi. Vilabu viwili vikilingana, hutazamwa wastani wa mbio kwa ova. Kwa mfano, klabu iliyopata mbio 200 kwa ova 40 ina wastani wa 5. Ikiwa wapinzani walipata 160 kwa ova 40, wastani wao ni 4, na tofauti ni 1. Wapigaji wote wakitolewa mapema, huhesabiwa ova zote walizopewa, ili mtu asifaidike kwa kushindwa upesi.

Klabu ya Mbali

Tuseme vijana wa Mokowe wameazimia kuanzisha klabu. Kwanza hapana budi wawe na katiba, viongozi na daftari la fedha, kisha waiandikishe kwa Msajili wa Michezo, kama sheria ya michezo ya mwaka 2013 inavyoagiza. Ndipo waombe kuingia katika chama. Lakini kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya watu 11 si haba. Hapo ndipo uadilifu wa chama hupimwa. Ratiba inayowafaa watu wa mjini peke yao huwafungia mlango walio mbali. Bali michezo miwili ikipangwa Jumamosi na Jumapili, safari moja hutosha.

Funzo la Kenya

Jambo hili si dogo. Mwaka 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mbio 166 huko Pune, India, kisha ikawatoa West Indies wote kwa mbio 93. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali, ikashindwa na India mjini Durban. Baadaye palizuka magomvi ya uongozi na mgomo wa wachezaji juu ya malipo, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza daraja yake katika mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi timu ya taifa hukuzwa na vilabu, na vilabu hukuzwa na mashindano ya haki. Wanaotaka kuanzisha klabu na waanze na daftari kabla ya gongo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.