Sado Moja, Uzito Tofauti

Anayepika makande huko Mhezi, milimani wilayani Same, kwa sado ya mahindi na nusu sado ya maharage hakosei. Chungu kinasamehe: maji yakipungua anaongeza, maharage yakizidi hakuna atakayelalamika. Ugumu unaanza anapotaka kuoka mkate au keki ya kuuza, akakuta maelekezo yameandikwa kwa gramu naye ana kikombe tu. Wengi hapo huulizia namba moja ya kugeuza ujazo kuwa uzito. Namba hiyo haipo. Kila kiungo kina yake, na kila mpishi anapaswa kuipata kwa chombo chake mwenyewe.

Tuchukue hiyo sado, kopo la rangi la lita 4 lililogeuka kipimo cha soko. Likijaa maji, yana uzito wa kilo 4, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Likijaa mahindi makavu yakafutwa juu, ni kilo 3 hivi. Maharage huzidi hapo kidogo. Unga wa ngano uliomiminwa bila kushindiliwa unashuka hadi kilo 2 na ushei, maana katikati ya chembe zake kuna hewa nyingi. Kwenye kijiko cha chai pengo ni kubwa zaidi: chumvi laini ni gramu 6 hivi, tangawizi ya unga ni karibu gramu 2. Tena kiungo kilekile hakitulii. Unga uliochekechwa ukamiminwa taratibu kwenye kikombe cha mililita 250 unaweza kuwa gramu 120. Ukichotwa na kukandamizwa, gramu 150 au zaidi. Kwa vikombe vinne, hizo ni gramu 120 za ziada, na mkate uliotarajiwa kuwa laini unatoka mgumu.

Yupo atakayeuliza: mbona Wamarekani wanaoka kwa vikombe na keki zao zinaumuka? Ni kwa sababu kikombe chao si chochote kilicho kabatini. Tangu Fannie Farmer achapishe kitabu chake cha mapishi huko Boston mwaka 1896, akisisitiza kipimo kinachofutwa juu, kikombe chao kimekuwa chombo maalumu, leo mililita 237 hivi. Kikombe cha chai cha nyumbani kwetu kinaweza kuwa na mililita 200 au 300, na kikombe cha bati kikazidi hapo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mizani nayo hudanganyika. Ni kweli. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 82 tu za nafaka kavu. Yakiwa na unyevu wa asilimia 13, zinakuwa 87. Milimani, kwenye baridi na ukungu, hilo si jambo dogo. Lakini dawa yake ni kuanika mahindi vizuri. Kurudi kwenye sado hakuponyi kitu, kwani sado haionyeshi unyevu, na juu yake huongezwa kilima ambacho kila muuzaji anakijaza kwa mkono wake. Wakala wa Vipimo ina haki kupiga vita lumbesa, yaani ujazaji wa magunia kupita kiasi, na kuhimiza mizani sokoni.

Na asiye na mizani? Anunue unga wa ngano wa kilo moja uliofungwa kiwandani. Aumimine kwenye kikombe chake bila kukitikisa, afute juu kwa mgongo wa kisu, ahesabu hadi mfuko uishe. Vikija vikombe 7, kila kimoja ni gramu 143 hivi, na maelekezo yanayotaka gramu 500 yanatimia kwa vikombe vitatu na nusu. Sukari na mchele vipimwe hivyohivyo, kila kimoja peke yake. Namba ziandikwe nyuma ya mlango wa kabati, na siku kikombe kikivunjika, upimaji uanze upya.